Jani Lisilokataliwa

Njoro, Moshi
9 Agosti 1998

Kaka Sirili,

Shikamoo. Ninajua mko katikati ya kuchuma kahawa na kwamba barua ndefu wakati huu ni usumbufu, lakini jambo hili haliwezi kungoja mavuno yaishe.

Ni Jovin. Tangu aache kupandisha mizigo ya wageni mlimani amekuwa akivuta unga, na sasa haufichi tena. Mwezi uliopita nilitoka kwenda kupima wateja sare za shule. Niliporudi nilikuta meza ya cherehani ipo na kichwa chake hakipo. Alikuwa amekaa kitandani ananitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Nilimwuliza kichwa cha cherehani kiko wapi, akasema, "Mama, mimi mwenyewe siko hapa, utanidai cherehani?"

Baba zake wadogo wa Kwa Sadala wamemkataa. Aliwaibia bomba la kunyunyizia mibuni dawa, na wamesema asikanyage tena shamba lile, kihamba cha marehemu baba yake. Kwa hiyo nimebaki na wewe.

Si mimi peke yangu ninayeomba. Hapa mtaani tumeunda kamati. Tumo sisi wa parokia, Walutheri wamemtoa mzee Hosea fundi viatu, na msikitini ametoka ustaadhi mmoja mpole mwenye mtoto kama wangu. Tumekubaliana kwamba vijana wetu hawawezi kupona wakiwa hatua chache kutoka kwa anayewauzia. Kila mmoja atapandishwa kwa ndugu zake huko juu, kwenye nyumba yake, mbali na wenzake. Akifika atapatwa na arosto. Atatapika, mifupa itamwuma, atalia na kukutukana. Msimpe fedha. Msimruhusu kushuka mjini kwa sababu yoyote, hata nikiwa mimi ninayeumwa.

Sehemu ya pili ya shauri inamhusu Primus. Unamjua kuliko mimi, maana kihamba cha baba yake kinapakana na chako. Hapa mjini watu humwona na duka lake la vipuri vya magari, wakadhani tajiri wa vipuri. Kete za unga zinatoka humo. Nyinyi wanaume wa Kimasio mmeiona mizigo inayoshushwa kwenye ghala la kahawa la marehemu baba yake, ambalo halijapokea kahawa kwa miaka. Kamati inaomba mshuke mkatoe ushahidi polisi pamoja nasi, wote kwa siku moja. Mtu mmoja akisema, atanyamazishwa. Tukisema wote, atamnyamazisha nani?

Msalimie wifi Theodora. Ninangoja jibu lako.

Mdogo wako,
Salvina

*

Kimasio, Kibosho
30 Agosti 1998

Mdogo wangu Salvina,

Barua yako niliipokea kwa mkono wa Bernadetha, muuza ndizi, na kijana wako aliletwa na Filemon, dereva wa parokia. Sikujibu mapema kwa sababu sikutaka kukuandikia kabla sijajua kama ataishi.

Nianze na jambo ambalo hutalipenda. Mtoto huyu alilegezwa. Baba yake alipopunguzwa kazi Reli, nyumba yenu ilipoteza amri, na nyumba isiyo na amri huingiwa na kila kitu. Nimefundisha kwa miaka mingi na nimeyaona haya. Nimekwisha kulisema, sitalirudia.

Juma la kwanza lilikuwa baya kuliko ulivyoeleza. Alitetemeka chini ya blanketi tatu. Alinitukana kwa Kichagga safi, nami sikujua kama anakiweza. Siku moja aliniita kwa sauti ya chini, akasema, "Mjomba, nifunge kamba. Nikiiona njia ya kushukia nitakwenda." Sikumfunga. Theodora alileta kigoda chake akaketi mlangoni akimenya ndizi za mtori, na hapo alishinda. Jovin alikuwa akitaka kutoka, anamwona shangazi na kisu chake cha ndizi, anarudi kulala. Siku ya Jumapili alikula bakuli zima. Sasa anakata majani ya ng'ombe na juzi alitoka nasi kuzibua mfongo ili maji yafike shambani.

Kuhusu Primus, nimewakutanisha wazee. Hakuna aliyebisha. Kila mmoja ameiona mizigo hiyo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeiona. Tutashuka. Waambie wenzako wa kamati kwamba neno la Kimasio limetolewa.

Kaka yako,
Sirili

*

Njoro, Moshi
17 Septemba 1998

Kaka Sirili,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa kamati nzima, isipokuwa ile sehemu ya malezi, ambayo niliisoma peke yangu na kuikubali nusu.

Kuna habari mbaya. Mzee Hosea hakuweza kungoja. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama na kiatu cha mtu mkononi, akalitaja jina la Primus mbele ya kila mtu. Kesho yake asubuhi kibanda chake kilikuwa majivu, pamoja na viatu vyote vya watu. Sasa yuko Sanya Juu kwa binti yake na ametuma neno kwamba hatarudi. Kinachonitisha si moto. Siku hiyohiyo Primus alipita kwa miguu kwenye mtaa wetu, akasimama kwangu, akaniamkia kwa adabu. Akaniuliza, "Mama, Jovin yuko wapi siku hizi? Tumemkosa." Nilisema amesafiri. Akasema, "Hewa ya nyumbani ni nzuri. Hata mimi ninafikiria kupanda."

Kaka, anajua.

Kamati imepanga siku. Ni Jumatatu, tarehe tano Oktoba. Wanawake wa hapa watakuwepo, ustaadhi na watu wake watakuwepo. Lakini sisi tumeona kete tu. Waliouona mzigo ni nyinyi. Bila nyinyi tunakwenda kusimulia uvumi. Tafadhali msichelewe.

Mdogo wako,
Salvina

*

Kimasio, Kibosho
1 Oktoba 1998

Mdogo wangu Salvina,

Ninaandika kwa haraka ili Bernadetha aiwahi safari. Jumatatu msitungoje.

Usishtuke. Shauri limechukua sura nyingine, na sura hiyo ni njema kuliko tuliyoitazamia. Mambo ya mlimani yana njia zake za kumalizika ambazo ni za zamani kuliko mahakama, na kwa kuwa bado ni mapema sitakueleza zaidi. Waambie wenzako waahirishe. Itatosha kusema kwamba wazee wanalishughulikia.

Jovin ni mzima. Amenenepa mashavu. Kuna mtu hapa jirani anayejenga nyumba ya mawe, anataka aimalize kabla watu hawajarudi kwa Krismasi, naye amempa kazi ya kubeba mawe na kuchanganya saruji. Kazi ngumu ndiyo dawa. Theodora haipendi kazi hiyo, lakini Theodora hapendi mambo mengi.

Kaka yako,
Sirili

*

Kimasio
25 Oktoba 1998

Mama,

Shikamoo. Mimi niko fresh kabisa, usiwaze. Nimeongeza mwili, suruali ile ya kijivu hainiingii. Usingizi ninapata. Mjomba ananisomesha magazeti ya zamani kwa sauti, nikikosea kutamka ananirudisha mwanzo, kwa hiyo habari za mwaka jana ninazijua kuliko wewe.

Nilitaka kukuambia kitu ambacho mjomba amesema atakuambia mwenyewe, lakini naona anachelewa. Kaka Primus ameomba msamaha. Siyo utani. Alikuja na isale mkononi, lile jani la wazee la kuombea msamaha, amevaa kaniki begani kama wazee wa zamani, ameleta mbuzi na mapipa ya mbege. Alipiga magoti pale kwenye nyasi mbele ya wazee wote. Mimi nilikuwa kwenye zizi la ng'ombe nikaona kila kitu. Alisema amewakosea vijana wa mlima huu na anaomba yaishe. Mzee mmoja alitaka kugeuza uso, mjomba akamwambia, "Isale halikataliwi." Halafu mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa, akanyoosha mikono yote miwili akalipokea. Basi, yakaisha. Walikunywa mbege mpaka jioni. Shangazi na akina mama walikuwa nyuma jikoni wanapika, yeye alipoambiwa alitupa mwiko chini.

Nyumba ninayojenga ni yake. Mama usikasirike. Hanipi kitu chochote, hata sigara. Ananiita mdogo wangu. Jana aliniuliza kama nimekukumbuka, nikasema sana. Amesema siku ya kufuata saruji atanishusha na pikapu nikuone hata kwa saa moja halafu anirudishe. Itakuwa poa.

Mwanao,
Jovin

*

Njoro, Moshi
27 Oktoba 1998

Kaka Sirili,

Shikamoo. Nimelisoma jina la Primus katika mwandiko wa mwanangu.

Nimelelewa nyumba moja na wewe. Ninalijua isale. Ninajua kwamba anayeletewa jani lile hawezi kulikataa, na akishalipokea hawezi kulitaja kosa tena, yeye wala aliyekaa naye kwenye kikao. Ninajua baba alivyompokelea aliyemuua ng'ombe wake, na jinsi walivyokunywa mbege kibuyu kimoja tangu siku ile. Lakini yule alikuja kwa sababu alikosa usingizi. Primus amekuja kwa sababu alijua mnashuka Jumatatu. Amewafunga midomo wote kwa jani moja, na nyinyi mmemshukuru mkamla mbuzi wake.

Kaka, duka lake halijafungwa. Kete zinatoka kama zamani. Juma hili tumemzika binti wa ustaadhi.

Ninakuomba jambo moja tu. Mwondoe Jovin kwenye jengo hilo leo. Asipande gari la mtu yule. Mtu anayemjua mwuzaji kwa sura, aliyenunua kwake kwa mkono wake, ndiye shahidi aliyebaki ambaye hakukaa kwenye kikao chenu. Umelifikiria hilo? Primus amelifikiria.

Mfunge kamba kama alivyokuomba.

Salvina

*

Kimasio, Kibosho
8 Novemba 1998

Mdogo wangu Salvina,

Barua yako imechelewa. Mvua za vuli zimekata njia kwenye daraja la chini, na Bernadetha amekaa siku nyingi bila kupanda. Nimeipata leo baada ya misa.

Umeandika kwa hasira na nimekusamehe. Sasa nisikilize. Mila si kitambaa cha kushona unavyotaka. Kama jani likipokelewa kwa mwema na kukataliwa kwa mwovu, si jani tena, ni hukumu, na sisi si mahakimu. Nguvu yake iko katika kutokataliwa. Vita vya babu zetu vilikwisha kwa jani hilo. Nilimtazama Primus machoni na nikamwambia mbele ya wote, "Ukilirudia, jani lenyewe litakudai." Alilia. Machozi ya mtu mzima ninayajua.

Tangu hapo ametoa mabati ya paa la zahanati. Anawaamkia wakubwa. Vijana wote watatu walioletwa pande hizi amewapa kazi kwenye jengo lake, na hakuna hata mmoja aliyeanguka. Unaniambia niwe na hofu, nami ninaona matunda.

Hata hivyo, kwa kuwa wewe ni mama yake, ningemwondoa kwenye kazi leo hii kama ulivyoomba. Lakini Jovin hayupo. Alishuka juzi Ijumaa na pikapu ya Primus kufuata saruji, naye alifurahi sana kwamba atakuona. Nilimwona mimi mwenyewe akipanda, amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na Theodora. Primus alirudi jana na saruji, akasema amemwacha kwako, ulimng'ang'ania alale.

Sikuona ubaya wowote. Mwambie arudi mapema, majani ya ng'ombe yamekwisha.

Kaka yako,
Sirili

*

Njoro, Moshi
6 Desemba 1998

Kaka Sirili,

Sijakuandikia tangu msiba, na msibani hatukusemezana. Walikuwepo watu wengi mno kati yetu.

Nitaandika kwa utaratibu, ili usiseme niliandika kwa hasira. Jovin hakufika kwangu. Siku uliyokuwa ukiniandikia habari za shati lake jeupe, alikuwa tayari amelala nyuma ya karakana ya zamani ya Reli, mahali baba yake alipofanya kazi. Shati lilikuwa bado safi. Daktari alisema mwili uliokaa miezi bila unga haubebi tena kipimo cha zamani. Aliyempa alijua hilo. Mtu anayeuza anayajua mambo hayo kuliko daktari.

Baba zake wadogo wa Kwa Sadala waliomkataa akiwa hai, walimpokea akiwa maiti. Na aliyetoa magari ya kubeba wafiwa ni Primus. Aliyetoa ng'ombe ni Primus. Alisimama karibu na kaburi akashika koleo, na nyinyi wanaume wa Kimasio mlisimama nyuma yake mmekunja mikono, kila mmoja akitazama viatu vyake. Nilikutazama wewe. Nilikungoja. Padre alipouliza kama kuna mwenye neno, wewe, ambaye hujawahi kukosa neno, ulikohoa.

Baada ya arobaini wengine hurudi kwenye shughuli zao. Mimi nimerudi kabla yake.

Bernadetha ameniletea bahasha yako. Nimeishika. Imenona katikati, na ndani ya karatasi nimepapasa kitu kirefu chenye mshipa, kimekunjwa mara mbili. Sikuhitaji kuifungua kujua ni nini. Kaka, najua umeumia. Najua hukuwahi kumletea mtu isale maisha yako yote, maana hukuwahi kukubali kwamba umekosea. Lakini jani ni lazima lifike mkononi, na hili bado liko kwenye bahasha. Nimeiweka juu ya kabati. Sijaikataa wala sijaipokea. Nikiipokea leo, nami nitafungwa mdomo, nami nina kazi ya kufanya kwa mdomo wangu.

Sasa nikueleze kwa nini wifi hayupo nyumbani, ili usizunguke vijiji ukimtafuta. Theodora yuko hapa kwangu. Bernadetha yuko, na wake wa wazee waliokaa kwenye kikao chenu wanashuka mmoja mmoja na mikungu ya ndizi vichwani, kama watu wanaokwenda sokoni. Usiku wa kuamkia kesho watakuwa wametimia. Theodora ndiye aliyelisema, hapa mezani, akimenya ndizi kwa kisu kilekile: "Waliopokea jani ni wanaume. Sisi hatukuitwa. Tulikuwa jikoni."

Nami nilipomwuliza wanachokijua, alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Wifi, wao waliona mizigo ikiingia. Nani alikuwa akifagia ghala lile kila Jumamosi kwa kibarua?"

Jumanne asubuhi tunakwenda, wanawake wa mlimani na wa mjini, na ustaadhi na watu wake. Tutasema wote. Nakuomba usimwambie mtu yeyote. Sikuombi zaidi ya hapo. Kunyamaza umekwisha kuzoea.

Salvina

*

Kimasio, Kibosho
7 Desemba 1998

Salvina,

Filemon anangoja na gari la parokia linanguruma, kwa hiyo nitaandika yaliyo muhimu.

Primus amekuja kwangu leo asubuhi. Alikuja kwa miguu, na kaniki yake begani, na isale mkononi. Safari hii hakuwa na mbuzi wala mbege. Aliniamkia, akasema ameona majiko mengi hayatoi moshi leo, na wazee wanajipikia chai. Akaniuliza Theodora yuko wapi. Nilisema amekwenda kuuza ndizi. Akasema, "Wote, Mwalimu? Siku moja?"

Kisha akapiga magoti pale pale kwenye nyasi, akaninyooshea jani, akasema anaomba niwarudishe wake zetu, kwa heshima ya yale yaliyokwisha.

Nimekaa na mila hizi maisha yangu yote. Niliwahi kukuandikia kwamba nguvu ya jani iko katika kutokataliwa. Mikono yangu ilianza kunyanyuka yenyewe, Salvina. Niliipeleka mgongoni nikaishika huko. Tulikaa hivyo, yeye amepiga magoti na mimi nimesimama, mpaka alipoelewa. Hakulia safari hii. Aliliweka jani chini kwenye kizingiti changu, akakung'uta magoti, akasema, "Basi, Mwalimu. Nitaomba huko huko mjini." Nikasikia pikapu ikiwashwa. Ameshuka, na ameshuka na wale vijana wawili waliobaki kwenye jengo lake, wamekaa nyuma kwenye mifuko ya saruji.

Kwa hiyo msilale kwako. Nendeni wote nyumba ya masista, Filemon ataonyesha lango la nyuma. Mwambie ustaadhi aje na watu wake. Vijana wale wawili watafuteni kabla ya kitu kingine chochote. Anzeni na karakana ya Reli.

Nami ninashuka. Nimekwenda kwa wazee nikawaambia jambo ambalo lilipaswa kunijia mapema. Isale lilifunika yaliyotangulia, na hayo sitayataja, maana nilinyoosha mikono. Lakini siku Jovin alipopanda gari lile, jani lilikuwa limekwisha kupokelewa. Nililiona gari, nilimwona anayeendesha, nililiona shati. Hilo halikufunikwa na kitu. Wazee wawili wamekubali kuja nami. Wengine wamefunga milango.

Bahasha yangu usiifungue. Ichome kama ilivyo. Niliituma kabla sijawa na haki ya kuituma.

Jani la Primus bado liko kizingitini. Nitaliruka nikitoka.

Sirili